Mbona boriti ya ishirini haitokei?

*Muulize Maalim: maswali ya wasomaji kuhusu kompyuta*

Nilikwenda Faza wiki mbili kwa harusi ya mpwa wangu, na niliporudi Amu nikakuta barua zimelundikana. Karibu zote zauliza jambo moja: ule mstari uanzao na `for` katika Python, lugha ya kuiandikia kompyuta maagizo, unaoifanya irudie kazi. Basi leo ni `for` tupu.

Kwa aliye mgeni wa safu hii, nasomesha kompyuta Langoni, chumba cha chini, baada ya sala ya alasiri. Nina mashine nne. Moja kibodi yake imeliwa na chumvi ya bahari, kitufe cha nukta mbili hakibonyezeki tena, na anayeikalia hana budi kunakili nukta mbili kutoka programu ya jana na kuibandika. Ndiyo maana hamna mwanafunzi wangu asiyejua kwamba mstari wa `for` huishia kwa nukta mbili. Wamelijua kwa jasho.

Na huko kurudia kazi, mimi nakuita *mzunguko*. Wengine wasema *kitanzi*, na sikatai, lakini kwetu kitanzi ni cha kutegea ndege au cha shingo, sipendi mtoto aanze masomo nacho. Vijana wenyewe wasema *lupu*, nami siwazuii.

Swali. *Maalim, assalamu alaikum. Babu yangu alikuwa mkata mikoko, nami nauza boriti kidogo kidogo. Nataka kompyuta initolee namba za korija moja, kuanzia moja hadi ishirini, nizitie daftarini. Nimeandika hivi:*

```
for boriti in range(1, 20):
    print("Boriti ya", boriti)
```

*Yaishia 19. Nimehesabu mara tatu kwa kidole. Ya ishirini i wapi? (Muuza Boriti, Ndau)*

Jibu. Waalaikumu salamu. Boriti yako haikuibwa. Uliiambia kompyuta isiifikie.

Hebu tuufuate mstari wako polepole. `range(1, 20)` maana yake: anza na 1, panda mojamoja, na usiiguse 20. Ishirini hapo ni mwamba. Chombo chaukaribia kisha chageuka. Python yachukua namba ya kwanza, 1, yaitia ndani ya jina `boriti`, yatekeleza ule mstari uliosogezwa ndani, kisha yarudi juu kuuliza: ipo nyingine? Ipo, 2. Yaingia tena. Yaendelea hivyo hadi 19. Baada ya 19 yauliza, yaambiwa zimekwisha, nayo yatoka. Ukitaka ishirini iwemo, andika `range(1, 21)`, na daftari lako litatimia.

Najua utaguna. Kila anayeanza huguna hapa, nami niliguna wiki nzima. Kilichonitoa si kitabu. Mwaka niliojaaliwa kwenda hija, kijana mmoja wa kikundi chetu alipopiga hatua ya kwanza ya tawafu kutoka kwenye Jiwe Jeusi alisema kwa sauti, "Moja." Mzee aliyekuwa mbele yake akageuza kichwa: "Bado. Hujarudi."

Yule mzee alikuwa akihesabu mizunguko aliyokwisha kuimaliza. Anapoanza wa kwanza, mkononi mwake mna sifuri. Anapoanza wa pili, ana moja. Anapoanza wa saba ana sita, na akilifikia Jiwe ndipo saba inapotimia, naye hapo anatoka, hana tena mzunguko wa kuuanza. Andika `for` yenye `range(7)` na `print` ndani yake, utamwona mzee huyo kwenye skrini: 0, 1, 2, 3, 4, 5, 6. Namba ni saba, na saba yenyewe haimo. Kijana yeye alihesabu mzunguko aliomo, na huyo ni `range(1, 8)`. Wote wawili walizunguka sawasawa. Walichokhitilafiana ni wakati wa kuitaja namba.

Python imemfuata mzee. Kwa nini? Rudi kwenye boriti zako, maana wewe wahesabu kwa korija na jibu liko humo humo. Korija ya kwanza ni `range(0, 20)`, ya pili `range(20, 40)`, ya tatu `range(40, 60)`. Tazama zinavyounganika: pale moja inapokoma ndipo nyingine inapoanzia, hakuna boriti iliyohesabiwa mara mbili wala iliyosahauliwa baina ya mafungu mawili. Na ukitoa 20 kwenye 40 wapata 20, ndiyo korija yako kamili. Lau Python ingeugusa mwisho, basi kutoka 20 hadi 40 zingekuwa boriti 21, na mnunuzi angekushukuru wewe na kompyuta yako. Mholanzi mmoja, mtaalamu wa kompyuta Edsger Dijkstra, aliliandikia jambo hili waraka mfupi kwa mkono wake mwaka 1982, akitetea kuanza na sifuri na kuuacha mwisho nje. Hakuwa na boriti, lakini miongoni mwa hoja zake imo hiyo hiyo.

Bila shaka mnunuzi hataki kusikia "boriti ya sifuri". Basi iache kompyuta ihesabu kama mzee, wewe uongeze moja wakati wa kuandika tu:

```
for b in range(20):
    print("Boriti ya", b + 1)
```

Hapo utapata 1 mpaka 20.

Swali. *Mjomba wangu alisoma kompyuta Mombasa zamani. Asema kwao waliandika FOR I = 1 TO 20 na ishirini ilitoka bila matata, na kwamba Maalim wa Langoni anawapoteza vijana. Nimjibu nini? (Mpwa Asiyetaka Ugomvi, Shela)*

Jibu. Msalimie sana mjomba. Hakusema uongo. Lugha aliyosoma ni BASIC, iliyotungwa na John Kemeny na Thomas Kurtz katika chuo cha Dartmouth, Marekani, mwaka 1964, ili hata mwanafunzi asiyesomea hesabu wala sayansi aweze kuitumia kompyuta. Humo `TO 20` ni pamoja na 20, na mzunguko hufungwa kwa `NEXT I`. Kwa kusoma tu, yake ni nyepesi kuliko yetu, nami nakiri.

Ila mtegee kiswali, kwa adabu. Muulize: mjomba, mzunguko ukishakwisha, I ina ngapi? Asibonyeze kitu, ajibu kwa kichwa. Wengi husema 20. Kwenye BASIC nyingi ni 21, kwa sababu `NEXT` huongeza moja kwanza, ndipo hutazama kama mpaka umepitwa. Kwenye Python jina hubaki na namba ya mwisho iliyofanyiwa kazi: ukitumia `range(1, 21)` utaikuta 20.

Akikuuliza hiyo I imetoka wapi, mwambie ni ya kale kuliko BASIC. Katika Fortran, lugha ya kompyuta ya mwaka 1957, jina lililoanza na herufi yoyote kutoka I hadi N lilihesabiwa kuwa la namba nzima, isiyo na desimali, na wanahisabati nao walikwisha kuizoea i kwenye kanuni zao. Watu wakaizoea, hata leo kijana aliyezaliwa juzi huandika `for i` bila kujua kwa nini. Mimi napendelea `boriti`, `siku`, `mfuko`. Ukirudi kwenye programu baada ya miezi sita, `i` haikukumbushi chochote.

Swali. *Maalim, mimi nauza mahamri asubuhi. Mwanangu ameniandikia programu ya kujumlisha mauzo ya wiki kabla hajarudi shule. Yafanya kazi, lakini yanipigia jumla mara saba! Yeye hayupo, nami naogopa kuiharibu. (Mama wa Mahamri, Mkomani)*

```
jumla = 0
for siku in range(7):
    mauzo = int(input("Mauzo ya leo: "))
    jumla = jumla + mauzo
    print("Jumla ya wiki:", jumla)
```

Jibu. Mama, mwanao amekuandikia kitu kizuri, kina maneno mengi tu. Tufanye siku ya kwanza umeuza 850 na ya pili 900. Baada ya ya kwanza yakwambia "Jumla ya wiki: 850", baada ya ya pili "Jumla ya wiki: 1750", na wewe washangaa wiki gani hii ya siku mbili.

Tazama pambizo ya kushoto. Mistari mitatu ya mwisho imesogezwa ndani, nafasi nne kila mmoja. Uchukulie kama nyumba yako: iliyosogezwa iko ndani, isiyosogezwa iko dakani, yaani nje mlangoni. Ya ndani hurudiwa kila mzunguko. Ya dakani ya chini hungoja mpaka mzunguko umekwisha ndipo ikaongea. Mstari wa kutoa jumla umeketi ndani, na pahali pake ni dakani. Peleka kishale mwanzoni mwa neno `print`, bonyeza kitufe cha kufuta nyuma hadi mstari ufike ukingoni, sawa na `for`. Basi. Hujaharibu kitu.

Lakini `jumla = 0` uiache pale juu ilipo. Nimeona watu wakiipenda wakaiingiza ndani na yenyewe, na matokeo yake ni kulifuta daftari kila asubuhi: Ijumaa ikifika jumla ni ya Ijumaa peke yake.

Na ukiulizwa mauzo, andika 850 tupu. Najua mkono umezoea 850/= na mimi pia, lakini `int`, inayogeuza ulichoandika kuwa namba, haiijui ile alama, itagoma na kukutolea maneno mengi mekundu.

Swali. *Shikamoo Maalim. Mimi niko kidato cha pili, Malindi. Mwenzangu darasani hutumia while kwa kila kitu na asema for ni ya watoto. Mimi natumia for. Nani yuko sawa? (Binti wa Malindi)*

Jibu. Marahaba mwanangu. Mwenzako mwambie pole pole.

`for` ni ya safari unayoijua idadi yake kabla hujatoka. `while` ni ya safari usiyoijua. Huambiwa tu, endelea maadamu jambo fulani lingali kweli. Kila kinachofanywa kwa `for` ya kuhesabu chaweza kufanywa kwa `while`, hapo mwenzako kasema kweli. Lakini akitumia `while` atabeba mwenyewe mizigo mitatu: kuanzisha hesabu, kutazama mpaka, na kuongeza moja kila mara. Akiusahau wa tatu, ayaone yaliyonikuta.

Duka moja la vifaa vya ujenzi lilinipa kazi ya kutoa lebo hamsini za namba kwa mashine ndogo ya risiti. Niliandika:

```
lebo = 1
while lebo <= 50:
    print("LEBO NAMBA", lebo)
```

Nikabonyeza, nikaona ya kwanza imetoka safi, adhana ya adhuhuri ikaingia, nikaenda kuswali. Niliporudi karatasi ilikuwa imekwisha kutoka mezani, imepita chini ya kiti, imefika mlangoni, na paka wawili wanaivuta. LEBO NAMBA 1. LEBO NAMBA 1. LEBO NAMBA 1. Sikuwa nimeandika `lebo = lebo + 1`, kwa hiyo moja ilibaki moja, na moja daima ni ndogo kuliko hamsini. Kosa langu mwenyewe, na roli la karatasi nililipa mwenyewe. Ikikupata, shika Ctrl na C kwa pamoja, programu itasimama. Kwa `for lebo in range(1, 51):` jambo hilo halitokei, kwa sababu anayeongeza si wewe.

Sasa, yako mambo yaliyo baina ya hayo mawili, na mfano wake waujua tangu utoto. Ramadhani ina siku ngapi? Hatusemi thelathini, hatusemi ishirini na tisa. Twajua haitapita thelathini, na siku ya ishirini na tisa, jua likituwa, watu huinua macho. Iandike hivyo hivyo:

```
for siku in range(1, 31):
    print("Saumu ya", siku)
    if siku == 29:
        jibu = input("Mwezi umeandama? ")
        if jibu == "ndiyo":
            break

print("Idi mubarak")
```

`break` ndiyo kuandama kwa mwezi: yakata mzunguko papo hapo, hesabu iliyobaki haina kazi tena. Mwezi usipoonekana, `for` yenyewe yaikamilisha thelathini kisha yatoka, bila kuuliza mtu. Zoezi hili niliwapa wanafunzi wangu mwezi wa Shaabani. Mmoja akajibu swali kwa kuandika "Ndiyo", N kubwa. Kwa Python hiyo si "ndiyo". Wenzake wote wakapata Idi, yeye mashine yake ikamfungisha ya thelathini peke yake. Dawa ni kuandika `jibu.lower()` pale penye `jibu` kwenye mstari wa `if` wa pili. Hiyo hugeuza herufi zote ziwe ndogo kabla ya kulinganisha.

Swali. *Nina punda wanne, kila mmoja hubeba mifuko miwili ya mchanga. Kwa mifuko 60 nataka kujua kila safari inaanzia mfuko upi. Nimeongeza 8 ndani ya mzunguko lakini kompyuta haisikii, yaenda mojamoja. (Mwenye Punda, Langoni)*

```
for mfuko in range(0, 60):
    print("Safari inaanzia mfuko", mfuko)
    mfuko = mfuko + 8
```

Jibu. Jirani, ungepita tu chumbani. Yasikia, ila haijali. Umebadilisha `mfuko` kweli, lakini mzunguko unaofuata `for` haikuulizi wewe umefika wapi. Yamuuliza `range`, na `range` amesema zinakwenda mojamoja. Namba yako yafutwa, yake yawekwa. Kwenye BASIC ya yule mjomba wa Shela ungeruka kweli, na tena ungeruka tisa badala ya nane, maana `NEXT` nayo ingeongeza moja yake.

Mwambie `range` hatua yenyewe:

```
for mfuko in range(0, 60, 8):
    print("Safari inaanzia mfuko", mfuko)
```

Utapata 0, 8, 16, 24, 32, 40, 48, 56. Safari ni nane, na ya mwisho ina mifuko minne tu. Punda wawili wapumzike.

Kwa ufupi

*Nataka kuhesabu kurudi nyuma, kumi hadi moja, kwa mashindano ya mashua. Nimeandika range(10, 0) na hakuna kilichotokea, hata kosa. (Nahodha, Matondoni)* Kwa sababu hukusema urudi nyuma. Kutoka 10 kupanda kwenda 0 hakuna njia, basi `range` yatoa tupu, kimya kimya. Andika `range(10, 0, -1)`. Itaishia 1, maana 0 ndiyo mwamba.

*Python ni chatu? (Mdadisi, Malindi)* Picha yake ni ya nyoka, jina si la nyoka. Guido van Rossum, Mholanzi mwingine, aliitoa mwaka 1991 na kuipa jina la kipindi cha vichekesho cha televisheni ya Uingereza alichokipenda.

*Mwanangu ana miaka tisa. Aanze na for? (Baba, Mokowe)* Aanze na Scratch, iliyotolewa na MIT, chuo cha Marekani, mwaka 2007. Hamna kuandika, ni kupanga vipande vya rangi, na Kiswahili kimo kati ya lugha zake. Kipande cha kurudia huja na 10 ndani yake, abadilishe atakavyo. Hakina jina la kushika hesabu. Huzunguka tu mara hizo kisha huacha. Siku atakayokuuliza, "Baba, nitajuaje sasa hivi imefika ya ngapi?", mvushe umlete Langoni. Nitamwekea mashine yenye kibodi nzima.